Presha ya tabo na joto la eksozi kwa dizeli iliyotyuniwa: ishia wapi, na kwa nini

Dizeli ikishatyuniwa, yaani ikiongezewa nguvu kwa kubadili mpangilio wa mafuta na presha, swali la kwanza kila mtu analouliza ni "inapiga presha ngapi?" Linaeleweka, kwa sababu sindano ya geji ya presha ikipanda gari nalo linavuta. Presha hiyo inatoka kwenye tabo, mashine ya feni mbili: gesi ya eksozi inaizungusha moja, nayo ya pili inaikandamiza hewa kuingia injini. Ila injini nyingi zilizotyuniwa zinaharibiwa na joto, na joto hilo hupanda polepole mlimani, gari likiwa na mzigo, wakati geji ya presha inaonyesha namba nzuri tu. Ukiwa na nafasi ya geji moja kwenye dashibodi, funga ya joto la eksozi. Ukiwa na nafasi ya mbili, zisome pamoja, kwa sababu kila moja peke yake inaweza kukudanganya.

Namba zote za joto humu ni za Selsiasi, na ni za sensa iliyofungwa kwenye manifoldi ya eksozi, yaani bomba linalokusanya gesi kutoka silinda zote, kabla gesi haijaingia kwenye tabo.

Kwa injini yenye pistoni za aluminiamu, nyuzi 680 ndiyo joto unaloweza kulishikilia mlima mzima bila wasiwasi. Kwenye geji za Kimarekani hiyo ni kama 1250 za Farenihaiti. Kati ya 680 na 730 ni eneo la dakika moja au mbili: unamaliza kipande kikali cha mlima, kisha unalegeza mguu. Kati ya 730 na 800 ni sekunde za kulipita gari jingine, basi. Sindano ikigusa 815, yaani 1500 za Farenihaiti, achia mafuta hapo hapo. Ukiona 870 zimeshikilia, usijiulize tena kama kuna kitu kimeharibika, jiulize ni kipi.

Muda una uzito kuliko namba yenyewe. Nyuzi 780 kwa sekunde tano hazina madhara makubwa kama nyuzi 740 kwa dakika nane, kwa sababu pistoni inahitaji muda kuchukua joto. Gesi inayoungua ndani ya silinda hupita nyuzi 2000 kwa kitambo kifupi sana katika kila mzunguko, na bado pistoni haiyeyuki, maana inapozwa na hewa inayoingia, na kuta za silinda, na oili inayorushwa chini yake. Ukingo wa lile bakuli la juu ya pistoni, ambamo mafuta yanaungulia, kwa kawaida hukaa karibu nyuzi 300 hadi 350. Aloi ya aluminiamu na silikoni huanza kuyeyuka kabla ya 600, lakini inapoteza nguvu mapema zaidi ya hapo. Ndiyo maana dalili ya kwanza si shimo. Dalili ya kwanza ni ukingo wa bakuli kulika na kupasuka nyufa ndogo, mara nyingi kwenye mstari wa pini ya pistoni. Ukifungua hedi ukakuta vipunje vya rangi ya fedha vimeganda kwenye ncha ya plagi ya kupashia moto au kwenye feni ya eksozi ya tabo, hiyo ni aluminiamu ya pistoni.

Pistoni za chuma zinastahimili zaidi. Malori makubwa mengi yanazo, na Ford waliziweka kwenye Power Stroke ya lita 6.7 kuanzia toleo la 2020. Mwenye injini ya namna hiyo asichangamke haraka: pistoni inaweza kuvumilia, lakini nyumba ya feni ya eksozi bado ni chuma cha kumimina, na chuma cha kawaida cha aina hiyo hakikusudiwa kuishi juu ya nyuzi 760. Manifoldi nayo hupinda, husinyaa na kukata bolti zake. Mpaka unasogea kidogo tu.

Presha: namba inayosifiwa kuliko stahili yake

Presha ya tabo haikwambii ni hewa kiasi gani imeingia kwenye injini. Inakwambia hewa imesongamana kiasi gani mbele ya valvu. Tofauti hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Chukua bar 2 kwenye geji, ambazo ukijumlisha na hewa ya kawaida ni kama bar 3 kamili. Hewa hiyo ikiwa na nyuzi 50 baada ya intakula, yaani rejeta inayopoza hewa iliyotoka kwenye tabo, injini inapata kiasi fulani. Ikiwa na nyuzi 110, uzito wa hewa unapungua kwa karibu asilimia 16. Maana yake bar 2 za hewa ya moto ni sawa na bar 1.5 tu za hewa iliyopoa. Geji inasoma namba ile ile, kompyuta ya injini inamwaga mafuta yale yale, na joto la eksozi linapanda.

Joto hilo linatoka kwenye tabo yenyewe. Tabo ikikandamiza hewa ya nyuzi 30 mara tatu kwa ufanisi wa asilimia 70, hewa inatoka na nyuzi karibu 188. Ufanisi ukishuka hadi asilimia 60, kwa sababu umeisukuma nje ya eneo lake, inatoka na 214. Kwa hiyo kuna mahali ambapo kuongeza presha kunaongeza moto kuliko hewa. Utapajua kwa jaribio rahisi: ongeza presha kidogo bila kugusa mafuta. Joto la eksozi likishuka, tabo bado ina nafasi. Lisiposhuka, au likipanda, tabo imefika mwisho wake na dawa ni kupunguza mafuta au kubadilisha tabo.

Namba za jumla ni hizi. Pikapu za lita 2.5 hadi 3 zenye tabo ya kiwandani ya mapezi yanayojigeuza hutoka na bar 1.2 hadi 1.6 hivi, nyongeza ya bar 0.2 au 0.3 ndiyo tabo hizo zinaweza kuibeba kwa muda mrefu. Cummins ya lita 5.9 yenye tabo ya HX35 inatosheka na psi 35, yaani bar 2.4, juu ya hapo feni inazunguka kupita kasi iliyotengenezewa. Na kwenye injini hiyo ukianza kupita psi 40, fikiria stadi imara za hedi kabla ya kufikiria kitu kingine, maana bolti za kiwandani zinaanza kuiachia hedi inyanyuke na gasketi inapuliza.

Feni ya hewa ikipita kasi yake haitoi onyo. Ni aluminiamu inayozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kwenye tabo ndogo inakaribia laki mbili. Inachoka, inapasuka, vipande vinaingia kwenye intakula, na bushi zinazoshika shafti ya tabo zikifa oili inaanza kuvutwa na injini. Dizeli ikianza kula oili yake yenyewe inapandisha mizunguko bila kusikia funguo. Hapo cha kufanya ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu, kamwe si kwa mkono, au kwa gia za mkono kukanyaga breki, kuweka gia kubwa na kuachia klachi mpaka izimike.

Mwinuko unabadilisha kila kitu

Tyuni iliyopimwa usawa wa bahari haifai kunakiliwa kwenye nyanda za juu. Kwenye mwinuko wa mita 2000 hewa ya kawaida ina bar 0.8 hivi badala ya 1.01. Bar 2 kwenye geji usawa wa bahari zinaidai tabo kukandamiza hewa karibu mara 3. Kule juu, bar 2 hizo hizo zinaidai mara 3.5. Na kama kompyuta inafukuza presha kamili, yaani inataka bar 3 zile zile bila kujali mwinuko, tabo inalazimika kufika karibu mara 3.8. Kwa tabo nyingi za kiwandani hapo ni nje kabisa ya eneo lake. Programu nzuri huwa na jedwali la kupunguza presha na mafuta kadiri hewa ya nje inavyopungua. Mwombe fundi wa tyuni akuonyeshe jedwali hilo. Akisema "haina haja", tafuta mwingine.

Kuna pia sensa ya presha yenyewe. Sensa nyingi za kiwandani zinaishia bar 3 kamili, kwa hiyo geji inayosoma kupitia kompyuta itasimama kwenye bar 2 hata kama kwenye manifoldi kuna 2.6. Ukiona presha inapanda vizuri kisha mstari unanyooka kama umepigwa rula, usifikiri tabo imetulia. Funga geji ya bomba kwenye manifoldi ya hewa uone ukweli. Vile vifaa vya kuidanganya sensa ili kompyuta isikate nguvu tunavikataa moja kwa moja. Vinaondoa kinga ya mwisho iliyobaki.

Kufunga sensa ya joto

Mahali pake ni pale manifoldi inapokusanya gesi ya silinda zote, sentimita mbili tatu kabla ya flenji ya tabo. Wapo wanaoifunga baada ya tabo kwa kuogopa ncha ikikatika itaingia kwenye feni. Hofu hiyo ina msingi, lakini bei yake ni kubwa: injini ikiwa na mzigo mzito, joto baada ya tabo huwa chini kwa nyuzi 100 hadi 170, na tofauti hiyo haitulii. Injini ikiwa sailensa, yaani ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, karibu hakuna tofauti, mlimani ni kubwa. Huwezi kujumlisha namba moja na kuiamini. Afadhali ufunge mbele na uikague sensa kila unapofanya sevisi kubwa.

Manifoldi iliyogawanywa kwa ajili ya tabo ya midomo miwili ina mtego wake, kwani sensa moja inaona nusu ya silinda tu. Nozeli, yaani kipulizia mafuta cha silinda, ikiwa mbovu upande wa pili, geji itakuonyesha mambo shwari.

Sensa iwe ya aina ya K (aina ya waya za kupimia joto kali), yenye kipenyo cha milimita 3 ukiweza kuipata. Zile nene za milimita 6 hudumu, lakini huchelewa sekunde kadhaa, na kilele cha joto unapopita gari kinaweza kuisha kabla sindano haijafika. Uzi wa kawaida ni 1/8 NPT, na tundu lake hutobolewa kwa biti ya milimita 8.7. Ukiweza, shusha manifoldi. Usipoweza, paka grisi nzito kwenye biti na kwenye tapu ya kukatia uzi, toboa polepole, futa kila mara, na sentimita ya mwisho nenda kwa mkono mwepesi ili vipande vibaki kwenye grisi. Pitisha sumaku na utupu wa kunyonya, kisha wafundi wengine huwasha injini sekunde chache tundu likiwa wazi ili upepo usukume masalia nje. Vaa miwani na usisimame mbele yake. Uzi wa NPT ni wa kusinyaa kuelekea mbele, kwa hiyo usitape hadi mwisho. Jaribu kufunga mara kwa mara mpaka kiungo kikamate nusu ya uzi. Paka dawa ya nikeli ya kuzuia kuganda, na ncha ifike katikati ya njia ya gesi. Ikigusa ukuta inasoma joto la chuma, na chuma kina namba yake.

Waya za aina ya K haziungwi kwa waya wa kawaida wa shaba. Ukihitaji kuziongeza urefu, tumia waya wa aina hiyo hiyo na uangalie upande chanya na hasi, la sivyo geji itakuwa ikisoma chini au kurudi nyuma.

Pale joto linapopanda bila sababu

Gari lililokuwa linapanda mlima fulani kwa nyuzi 640 likianza kuupanda kwa 720 na mzigo ule ule, usiguse tyuni kwanza. Anza na hewa. Kichujio kilichojaa, hozi ya intakula iliyopasuka chini ambako huoni, klampu iliyolegea. Toa bomba la kichujio cha hewa, ziba mdomo wa tabo kwa kifuniko chenye valvu ya tairi, fungua mfuniko wa oili, ingiza hewa ya kompresa iliyopunguzwa hadi bar 1, na pita na maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mfuniko wa oili unafunguliwa ili hewa inayopenya kwenye tabo na valvu isijaze krenkesi (sehemu ya chini ya injini yenye oili) na kusukuma sili nje.

Pima pia presha kabla na baada ya intakula injini ikiwa na mzigo. Tofauti ikizidi bar 0.2, intakula imeziba kwa oili ndani au ni ndogo kwa hewa unayoisukuma. Kisha angalia presha ya eksozi kabla ya tabo ukiwa na tundu la kupimia. Tabo ya mapezi ikiwa imeganda kwa masizi, presha ya eksozi inaweza kufika mara mbili ya presha ya hewa, na injini inatumia nguvu kujitapisha. Uwiano wa moja kwa moja na nusu unavumilika. Ukifika mbili, joto halitashuka hata ufanye nini upande wa mafuta. Kichujio cha masizi cha eksozi kilichojaa kinaleta tatizo la aina hiyo hiyo, na dawa yake ni kukisafisha; kukitoa ni kosa la kisheria katika nchi nyingi. Usichanganye hali hiyo na pale kichujio kinapojisafisha chenyewe: wakati huo nyuzi 550 hadi 650 kwenye sensa zake ni kawaida.

Hewa ikiwa safi ndipo uende kwenye nozeli. Moja inayodondosha badala ya kupulizia inachoma alama upande mmoja wa pistoni, na wastani wa silinda zote hauionyeshi vizuri.

Mafuta na wakati wa kuyapiga

Moshi mweusi ni mafuta yasiyopata hewa. Dizeli huanza kutoa moshi unaoonekana uwiano wa hewa kwa mafuta ukikaribia 18 kwa 1. Gari la mizigo libaki juu ya 20 kwa 1 likiwa limekanyagwa hadi mwisho. Moshi mwepesi kwa sekunde moja wakati tabo inaamka hauna shida. Moshi unaokufuata mlima mzima ni joto la eksozi unaloliona kwa macho.

Kosa ambalo tyuni za bei rahisi hufanya sana ni kurefusha muda wa nozeli kukaa wazi. Kwenye mizunguko 1500, milisekunde 2 za mafuta ni digrii 18 za krenki. Kwenye 3000, milisekunde zile zile ni digrii 36. Mafuta ya mwisho yanaingia pistoni ikiwa imeshaanza kushuka, hayasukumi kitu cha maana, yanaungua yakielekea eksozi na kuulamba ukingo wa bakuli njiani. Ndiyo maana gari linaweza kuwa zuri sana chini na likawa tanuri juu. Muda wa nozeli upunguzwe kadiri mizunguko inavyopanda, hata kama farasi kadhaa watapotea kwenye karatasi ya dainamo, yaani mashine ya kupimia nguvu ya gari.

Mtego wa upande wa pili ni kuwahisha mafuta, yaani kuyapiga kabla pistoni haijafika kilele. Ukiwahisha kwa digrii mbili tatu, joto la eksozi linashuka na kila mtu anafurahi. Lakini moto ule umehamia ndani ya silinda kama presha, na geji yako haiioni. Matokeo ni gasketi ya hedi, bolti zilizonyooka, fimbo iliyopinda. Tyuni inayojivunia joto dogo na nguvu kubwa kwa wakati mmoja, kwenye tabo ya kiwandani, iulize imewahisha kiasi gani, hasa chini ya mizunguko 2000 ambako pistoni inakaa muda mrefu karibu na kilele.

Kupima, na kuendesha

Tyuni ya gari la mizigo ipimwe kwa mzigo. Mbio za sekunde kumi barabara tambarare hazisemi kitu. Tafuta mlima mrefu, beba mzigo wako wa kawaida, shikilia mizunguko kati ya 1800 na 2500 mguu ukiwa chini, na rekodi joto, presha ya tabo na presha ya reli (bomba la mafuta linalolisha nozeli) pamoja. Angalia umbo la mstari wa joto. Ukipanda haraka kisha ukalala kabla ya 680, hapo pazuri. Ukiwa bado unapanda baada ya nusu dakika, punguza mafuta kwa asilimia 5 hivi na urudie. Kompyuta yenye sensa ya joto kabla ya tabo iwekewe jedwali la kuanza kukata mafuta kwenye 680 na kumaliza kazi kabla ya 730.

Mlimani, dereva ana dawa ya haraka kuliko fundi: kushusha gia mapema. Injini inayovutwa chini ya 1500 na mguu mzima inapata mafuta mengi kwa kila mpigo na hewa kidogo, na pampu za maji na oili zinazunguka taratibu. Shusha gia moja, ifike 2000 au 2200, legeza mguu kidogo, na ndani ya sekunde kumi na tano sindano itaanza kushuka.

Ukifika, usizime injini sindano ikiwa juu ya nyuzi 150. Kwa kawaida dakika moja hadi tatu za sailensa zinatosha. Ukiwa umeendesha polepole kilomita ya mwisho, huenda hata hazihitajiki. Ukizima ikiwa moto, oili iliyosimama kwenye bushi za tabo inaungua na kuwa mkaa, na mkaa huo ndio unaoziba tundu la oili miezi kadhaa baadaye. Taa ya onyo ya geji iweke kwenye 680, siyo kwenye 800. Ikiwekwa kwenye 800, inapowaka huwa umebaki na sekunde chache tu za kufanya uamuzi.